Chapati za Ukweni

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa chapati tatu. Nne, kama mchuzi una bizari ya kutosha. Nakaa Tunduma, ambako malori hupanga foleni mpakani na kila kona ina mama lishe, kwa hiyo hakuna aliyenishangaa. Baadaye sukari ikapanda, mwili ukakauka, magauni yakaanza kunipwaya. Miaka ile mtu akikonda Tunduma hakuulizwa anaumwa nini. Watu walikuwa na jibu lao tayari: ukimwi.

Muuguzi wa kliniki hakuninyima chapati, na kwa hilo nampenda hadi leo. Alinipa vidonge na utaratibu: nianze na maharage na mboga za majani, nifuate nyama na mchuzi, chapati ije mwisho tumbo likiwa limeshatulia, tena iwe nusu. Soda nisiiguse. Nikafuata, na vipimo vikashuka. Nikagundua pia kwamba nusu inayotafunwa polepole ni tamu kuliko tatu za kufukuzana nazo. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nameza tu.

Kisha mwanangu akapata mchumba kijijini Isansa, nikaenda na kaka yangu kujitambulisha kwao. Kule mgeni wa heshima haandaliwi ugali. Mama wa binti alileta kuku wa mchuzi, maharage, mboga, na chapati za ngano nyeupe zinazong'aa mafuta. Sikutaka kusema nina sukari. Mama mkwe mgonjwa ni mzigo kwa binti wa watu, na kwa wembamba wangu wangejiongezea mengine, uchumba ukafia pale pale. Nikaanza na maharage kimya kimya, nikahamia kwenye kuku. Mchuzi ule ulikuwa mtamu ajabu. Chapati sikugusa.

Mama wa binti alikuwa ananitazama. Mwisho akaweka jagi la maji chini.

"Mama, kama ni kwa ajili ya marehemu mwanangu, sema tu. Tusifichane."

Sikumwelewa, akanieleza. Kaka wa binti alikuwa utingo wa malori. Alirudi nyumbani amekonda, mama akamuuguza kwa mikono yake mpaka wakamzika.

"Tangu hapo wageni hapa hawali," alisema. "Wewe mchuzi umekula, nikafurahi. Ila chapati nimezikanda kwa mikono hii, naona umeziacha."

Nilimwonea huruma. Mimi nilikuwa nauficha mwili wangu, na yeye muda wote alikuwa anaogopea mikono yake.

"Ni sukari, mama," nikasema. "Nimekonda kwa sukari. Chapati naila mwisho, tena nusu tu."

Alichukua chapati ya juu, akaikata kwa mikono yake, nusu akanipa, nusu akabaki nayo. Nikaichovya kwenye mchuzi. Hakuanza kula ya kwake mpaka aliponiona nimemeza.