Maji ya Buluu Chini ya Chujio

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu yake ya spiriti. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, binti wa mkulima wa mpunga kutoka Namawala, na nilijiona mkemia kamili. Usicheke. Hata wewe ulipopewa koti jeupe la maabara ulizunguka nalo mpaka sokoni Ifakara.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza kampaundi za metali kwa kutumia besi ya Schiff, ile kemikali ya manjano inayoishika metali kama viganja viwili vinavyoshika kikombe. Nikaichanganya na chumvi ya shaba, nikachemsha taratibu, ukatokea unga wa kijani. Uzuri wake, we acha tu! Kilichobaki kilikuwa kuuchuja, kuuosha kwa maji na spiriti baridi, kisha kuukausha na kuupima.

Kwenye kuosha ndipo niliposhindwa. Kila nilipomimina maji, yalishuka na rangi ya buluu, na moyo uliniuma. Nimelelewa na mama aliyeturudisha jarubani baada ya mavuno kuokota masuke yaliyosahaulika. "Haba na haba hujaza kibaba," alituambia, na punje iliyomwagika ilikuwa kesi. Sasa mimi nitazame jasho langu likidondokea kwenye maji ya kumwaga? Nikaosha mara moja, nikaacha. Unga ulipokauka ulikuwa mwingi kuliko wa wenzangu wote, nikatembea kifua mbele.

Nusu yake nikampa Mwajuma, rafiki yangu wa baiolojia niliyelala naye chumba kimoja, aujaribu kwa bakteria. Huo ndio ulikuwa mradi wake wa kumalizia masomo. Bakteria wakafa kwelikweli, likabaki duara kubwa safi katikati ya sahani aliyowaoteshea. Mwajuma akanikumbatia, akaanza kuandika ripoti ya kuwasilisha Ijumaa.

Jumatano nikampelekea unga wangu Mzee Alfonsi, fundi wa maabara, Mpogoro wa Mahenge aliyekuwa karibu kustaafu. Aliitikia shikamoo yangu, lakini hakunisifu. Aliweka unga kidogo kwenye karatasi ya kuchujia, akamimina maji, yakashuka ya buluu. Akadondoshea amonia, buluu ikakolea sana.

"Binti yangu, hii ni chumvi ya shaba tu, haijashikwa na kitu," alisema kwa upole. "Uchafu ndio uliokuwa unauonea huruma."

Nikaikumbuka ile sahani ya Mwajuma. Huenda bakteria wa Mwajuma waliuawa na chumvi ile, wala si kampaundi yangu.

"Mzee, nikinyamaza nani atajua?" nilimuuliza, na swali hilo linanitia aibu hadi leo.

"Atakayesimama mbele ya walimu ni mwenzako. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa unaficha wewe, ataumbuka yeye."

Nilimwambia Mwajuma jioni ile. Alilia, akaniita mbinafsi, na neno hilo nililistahili. Kisha akaifuta ripoti. Nikauosha unga upya mpaka maji yakatoka bila rangi, nikabakiwa na kidogo tu, lakini safari hii kiasi cha shaba ndani yake kililingana na hesabu. Alipoujaribu, bakteria walikufa wachache, kikatokea kiduara kidogo. Akaomba wiki moja ya nyongeza, akasimama akakieleza kiduara hicho hicho, na akasema wazi kwa nini cha kwanza kilikuwa kikubwa. Mwalimu mmoja akamuuliza ana uhakika gani na cha pili.

"Nina uhakika," alijibu, "kwa sababu aliyeutengeneza unga alikuja mwenyewe kuniambia alikosea wapi."

Nilikuwa nimekaa viti vya nyuma. Machozi yalinitoka, mwanangu, na sikuyafuta.

Basi sikia. Kazi yako ipime kwa ukali kabla hujaiweka mikononi mwa mwingine, maana akishaipokea anajenga juu yake. Na ukikosea, kwa sababu utakosea tu, wahi kusema. Kuteleza si kuanguka, ila ukinyamaza unamtelezesha mtu ambaye hata hakuiona njia. Utaaibika siku mbili tatu. Mimi niliaibika, na bado niko hai nakusimulia.

Mungu akubariki mikono hiyo, akupe ujasiri wa kumtazama mwenzako machoni ukamwambia, "Nimekosea," na akujalie mwenzako awe mtu atakayelia, kisha akuamini tena.