Wale Nyuki wa Kiwanjani Niliwaleta Mimi

Nyuki wale niliwaleta mimi. Haya, nimesema! Mmemsingizia mchawi, mmesingizia ukame, kumbe ni bibi wa wajukuu kumi na wanne, mwenye kiti chake cha mbele kanisani.

Niliishia darasa la nne. Mkiona herufi zimepinda, zinyoosheni wenyewe.

Mwaka ule wa korona shule zilifungwa, vilabuni watu wakaogopana. Basi Itigi nzima ikagundua kiwanja cha nyuma ya nyumba yangu! Zamani kilikuwa cha mbuzi wangu. Ghafla kila jioni kimejaa watu wanazunguka, eti wanajenga kinga.

Kuna mwalimu alikuwa anakimbia. Mtu mzima! Hana mzigo, hawahi treni.

Nikamwuliza, "Mwanangu, nani anakufukuza?"

"Shikamoo bibi. Najenga kinga."

"Kajenge choo kwanza!"

Nikatangaza kwamba wanatuletea ugonjwa. Uongo mtupu! Barakoa yangu mwenyewe ilikaa kidevuni, naficha ugoro humo.

Kilichoniuma ni kicheko chao. Na aliyecheka kuliko wote ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Miaka yote jioni zake zilikuwa barazani kwangu. Sasa na miguu yake imevimba, na fimbo, anazunguka kiwanja na wasichana wa saluni!

Kila akipita ananiita, "Wifi, njoo tutembee, utaoza hapo!"

"Mimi si ng'ombe wa kupelekwa malishoni!"

Jamani, kiburi!

Nikatoa mzinga wa marehemu, nikaupaka nta, nikaupandisha kwa kamba kwenye mkwaju wa pale kiwanjani. Wiki ya tatu nyuki wakaingia. Nikakaa barazani nangoja mavuno.

Siku nyuki walipochokozeka na kelele zao, ehee, hapo ndipo watu walikimbia kweli! Nikacheka mpaka ugoro ukanipalia. "Jengeni kinga!"

Kisha nikamwona asiyeweza kukimbia.

Fimbo iko chini, khanga kajifunika kichwani, anaita. Hakumwita mwanawe. Aliniita mimi! Nami nikafunga mlango, nikaweka na komeo.

Aliyemrudia ni yule mwalimu. Alimfunika gunia, akambeba mgongoni, akatoka naye mbio. Zile mbio nilizozicheka!

Wifi alilazwa, akapona. Mwanawe akamhamishia kwake Manyoni. Kiwanja kimebaki na nyuki na mbuzi, kama nilivyotaka. Baraza nalo limebaki na mimi.

Anapiga simu kila Jumapili. Ananiambia, "Pole wifi yangu, najua nyuki wale walikutesa na wewe." Nami naitikia, "Asante." Asante! Mdomo huu!

Sasa nina presha. Nesi kaniambia nitembee kila jioni. Wapi? Kandokando ya barabara, malori yananimwagia vumbi, nimekunja khanga, narusha mikono kama kichaa. Juzi vitoto vikapiga kelele, "Bibi, nani anakufukuza?"

Nikaongeza mwendo. Anayenifukuza namjua.

Wewe unayekerwa na watu wanaocheka nje, usiwasingizie ugonjwa. Inuka ukatembee nao, hata kwa kununa. Wengine hawakualikwa. Mimi nilialikwa kila jioni!

Na wifi, mjukuu akikusomea hapa, usimkatize. Mzinga ulikuwa wa kaka yako. Mkono ulikuwa wangu.