Ondiek Aliyezipakulia Programu

Hakuna programu ambayo Ondiek aliianzisha kabla ya kuipakulia sahani yake. Ndivyo alivyouita mstari mmoja mfupi aliouandika kwanza, kila mara, kwa vidole viwili: programu hii itumie kumbukumbu kiasi hiki, isizidi. Seva ya chuo, aliyoitunza yeye, ilikuwa moja, na watafiti wa ziwa walioitegemea walikuwa kumi na tisa.

"Mgeni asiyepakuliwa hula sufuria nzima, Daktari," alimwambia Mercyline, aliyepima magugumaji kwa picha za setilaiti. "Na huyu wako hajui kushiba."

"Amekulia mtaani Kondele, Mzee. Huko ukichelewa unakuta mifupa."

Ondiek alicheka mpaka akavua miwani.

Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ndio uliobeba bima. Figo za mkewe, Aloo, zilikuwa zimekwisha; alisafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa kadi ya chuo. Mwezi Juni mkurugenzi alimwambia mbele ya watu kwamba seva ikianguka tena, mkataba hautaongezwa.

Ijumaa moja Ondiek alikuwa hospitalini na Aloo. Mercyline hakutaka kungoja, akaipakulia programu yake mwenyewe. Alidhani namba ile husomwa kwa baiti, kumbe seva huisoma kwa kilobaiti. Akaipa sahani mara elfu ya aliyokusudia, kubwa kuliko sufuria yenyewe. Kufikia alasiri seva ilikosa pumzi, ikaanza kuua kazi za wengine, ikiwemo hesabu ya mtafiti mwenzake Wabwire ya siku kumi na moja. Kisha ikanyamaza.

Jumatatu, mkutanoni, mkurugenzi aliuliza nani alikosea. Ondiek alikwisha kusoma rekodi za seva, jina alilijua. Alimtazama kila mtu isipokuwa Mercyline.

"Seva ni yangu," akasema.

Mercyline alikuwa na neno mdomoni. Alikuwa pia na barua ya kupandishwa cheo, ikingoja sahihi ya mkurugenzi. Akameza neno.

Mkataba uliisha Agosti, na bima ikaisha nao. Novemba Aloo akazikwa kwao Uyoma. Watu walipoanza kutawanyika, Mercyline alimkuta Ondiek nyuma ya hema, peke yake kwenye benchi.

"Mzee, kesho namwandikia mkurugenzi ukweli."

Ondiek alisogea kidogo ampe nafasi ya kukaa. Hakukasirika, na hilo ndilo alilolibeba Mercyline mpaka Kisumu; hawakuonana tena.

"Ungesema siku ile ya mkutano, ungenisaidia mimi, nyaminwa, dada yangu," alisema. "Sasa unajisaidia wewe. Andika tu."