Mvua Niliyoiandika Athi River

Tangu utotoni mimi ni kiguu na njia. Kwetu Yatta nililelewa na susu, yaani nyanya yangu, na yeye alikuwa akisema kwamba akiniona nimetulia kitako mpaka chungu kikachemka, basi bila shaka nina homa. Misa ilinishinda. Kuchambua maharagwe kulinishinda. Hata picha ya pekee niliyo nayo ya utotoni, mkono mmoja hauonekani vizuri kwa sababu niliusogeza. Nasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa aina gani aliyepewa kazi ya kupima mvua, kazi isiyotaka nguvu wala akili nyingi. Inataka tu mtu awe mahali pale pale, kila siku, saa tatu asubuhi.

Kipimamvua cha shule yetu kilikuwa mkebe wa bati wenye faneli juu na chupa ndani, umezungushiwa seng'enge nyuma ya maabara ili mbuzi wasiuguse. Mwalimu wa jiografia alitukabidhi sisi wawili, mimi na msichana wa darasa langu ambaye ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa dhati, pamoja na daftari moja. Unatoa chupa, unamimina maji kwenye gilasi yenye alama, unasoma milimita, unaandika. Kama hakuna maji unaandika sufuri. Yatta siku nyingi ni sufuri.

Rafiki yangu alitembea saa nzima kutoka kwao, upande wa Katangi, na hakukosa hata siku moja. Tulipatana yeye ashike siku za shule, mimi nishike wikendi na likizo, kwa kuwa kwetu kulikuwa karibu kiasi cha kusikia kengele. Ulikuwa mpango mzuri. Ungefaa kabisa kama mimi ningekuwa mtu mwingine.

Desemba tulipomaliza kidato cha pili nilienda kumwona mama Athi River. Alikuwa akishona katika kiwanda kimoja cha nguo huko EPZ, eneo la viwanda vya kuuza ng'ambo, kazi yake kwenye laini ikiwa ni mikanda ya suruali tu, mikanda kutwa nzima, na supavaisa amesimama nyuma akiuliza habari ya tageti. Nilimwambia susu nakwenda siku mbili. Nilikaa wiki tatu. Daftari la mvua nililitia kwenye mkoba, sijui kwa nini. Labda nilidhani nikiwa nalo, kazi inaendelea.

Mama aliondoka alfajiri pamoja na mamia ya wanawake wenzake, nami nikabaki kwenye ploti, katika chumba chake cha kupanga, bila la kufanya. Nilizunguka. Siku nyingine nilifika mpaka Mlolongo kutazama malori yaliyopanga foleni kwenye mizani, nikisoma yametoka wapi na yanakwenda wapi, nikiyaonea wivu. Lakini kila ilipofika saa tatu asubuhi roho ilinisuta. Siku ya kwanza nilikaa juu ya mtungi wa maji, nikafungua daftari, nikatazama mbingu upande wa Yatta, nikaandika sufuri. Siku ya pili sufuri. Siku ya tatu kulikuwa na wingu, na mimi nilikuwa nimechoka na sufuri.

Susu alikuwa amepanda mahindi na mbaazi. Nilipoondoka mahindi yalikuwa yamefika magotini, na kila mtu alisema yanangoja mvua moja tu ya maana. Basi niliyapa. Niliandika kumi na mbili. Nikaacha siku mbili kavu ili isije ikaonekana nimetia chumvi, kisha nikaandika nne. Mvua yangu ilikuwa na adabu. Haikufurika, haikuharibu barabara, ilikuja ilipohitajika ikaondoka.

Nilirudi Januari nikamkuta susu akiyang'oa mahindi kumpa ng'ombe. Yalikuwa makavu hadi kwenye mizizi. Siku ile ningechukua kifutio, mambo yakaisha. Ningependa kusema nilisahau, lakini sikusahau. Nililiacha daftari lilivyo kwa sababu niliona aibu, na pia, niseme ukweli, kwa sababu ile namba kumi na mbili ilinipendeza.

Mwalimu alipolipitia daftari alitikisa kichwa tu. "Kumbe hapa shule mlipata kidogo? Mvua ya huku inaruka bana. Inanyesha kwa jirani na wewe unaangalia."

Ni kweli, mvua ya kwetu ndivyo ilivyo, na nyuma ya ukweli huo nilijificha karibu miaka miwili. Likizo nyingine nilipima, nyingine nikakisia. Wikendi nyingine nilipitia seng'enge nikachungulia bila kutoa chupa. Sikuweka alama yoyote ya kutofautisha.

Tukiwa mwisho wa kidato cha tatu, tangazo lilifika shuleni. Watu wa ng'ambo walikuwa wakikusanya vijana kutoka nchi mbalimbali kuwapeleka Aktiki, kwenye barafu, majuma mawili kwa meli, wakajifunze jinsi hali ya hewa ya dunia inavyobadilika. Kila shule ilitakiwa kupeleka kazi yake na mwanafunzi mmoja wa kuhojiwa Nairobi. Kazi yetu ilikuwa lile daftari. Mwalimu alituita wote wawili ofisini, akatutazama, akasema aende mwenye mdomo.

Rafiki yangu alicheka. "Huyu ni mdomo mtupu, mwalimu. Mpeleke. Mimi nitaongea na nani huko?"

Niliambiwa nilinakili daftari vizuri, kwa wino wa buluu, liwe safi. Katika lile la zamani miandiko ilikuwa miwili, wake umesimama wima, wangu umeinama mbele kana kwamba unataka kutoka kwenye ukurasa. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi mbili, nayo ilinitesa kwa sababu ilikuwa ya kukaa. Nilipomaliza, mwandiko ulikuwa mmoja, na lile la zamani nikalitumbukiza katika choo cha shule. Nilijiambia limechakaa.

Nilichaguliwa. Susu alipiga vigelegele, kisha akauliza huko wanakula nini. Mama alinunua gunia zima la wasiwasi. Mwuza mitumba wa Katangi alinipa koti zito ambalo, alisema, lilikuwa limekaa kwenye beli zake miaka bila mwendawazimu wa kulinunua. Asubuhi ya safari rafiki yangu alinisindikiza mpaka barabarani, akanishikia mkoba.

"Uwaambie hizo namba ni za ukweli," akasema. "Si za kukisia kisia kama za redio."

Nilimjibu kwa kumkumbatia. Ningeweza kumwambia pale pale. Gari lilikuwa bado halijafika.

Huko kaskazini nilikokwenda, Agosti jua halikuzama. Lilizunguka tu pembeni mwa mbingu, na mimi nikazunguka nalo. Usingizi haukuja. Wenzangu walifunga mapazia ya vidirisha vya meli wakalala. Mimi nilihesabu hatua za sitaha, kwenda na kurudi. Tuliposhuka nchi kavu ilikuwa taabu zaidi, kwa sababu kulikuwa na dubu weupe, na hakuna aliyeruhusiwa kutembea bila kijana mmoja mwenye bunduki. Mimi, ambaye nimezunguka Athi River nzima peke yangu, sasa nilikuwa nakwenda nyuma ya mtu hatua kwa hatua. Nilikasirika waziwazi. Alinizoea.

Aliyetufundisha alikuwa mwanasayansi mmoja, mama wa makamo, mpole, mwenye midomo iliyopasuka kwa baridi. Kila siku tulipanda juu ya mto wa barafu kusoma fito. Walikuwa wamechomeka fito za mianzi ndani ya barafu miaka iliyotangulia. Barafu ikiyeyuka, ufito unabaki umetokeza zaidi. Unapima kwa futi kutoka juu mpaka kwenye barafu, unaandika, unakwenda kwenye ufito mwingine. Basi. Ilikuwa kazi ile ile ya nyuma ya maabara, ila hapa watu walivuka bahari kuifanya. Nilipouona ufito wa kwanza, mrefu kunishinda, ambao walisema ulipochomekwa uliingia wote isipokuwa ncha, kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba habari za barafu kuyeyuka si maneno matupu. Nilitaka kulia, nikasingizia upepo.

Siku moja ukungu ulishuka tukiwa tumebakiza ufito mmoja. Mwenye bunduki akasema turudi, kwa kuwa haoni dubu atatokea wapi. Kijana mmoja wetu akapendekeza tukadirie, kwa sababu ufito ule uko katikati ya mingine miwili tuliyokwisha kupima. Ilikuwa hesabu rahisi. Yule mama akatikisa kichwa, akatoa daftari lake, na penye nafasi ya ule ufito akaandika kwa maneno: hatukufika.

"Mwaka ujao mtu atasoma hapa," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Ajue hatukufika."

Nilishuka kutoka kwenye barafu nikihesabu siku ambazo mimi sikufika. Siku iliyofuata ilikuwa zamu yangu kueleza mvua ya kwetu mbele ya wote, na baada ya hapo namba zetu zingeingia katika ripoti ya safari. Nilizunguka sitaha mpaka baharia mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mwishowe nikamfuata yule mama chumba cha chakula, nikamwambia yote. Athi River, wingu, kumi na mbili.

Hakunikemea. Alivaa miwani, akafungua daftari safi. "Za kukisia ni zipi?"

"Sizikumbuki zote."

"Na zile za mwenzako?"

Nilitazama kurasa zangu za buluu, mwandiko mmoja mwanzo hadi mwisho. "Zimechanganyika. Nilinakili mimi, na la zamani nikalitupa."

Alifunua kurasa kadhaa. Kisha akasema hana namna ya kuzitenganisha, kwa hiyo zote zinaondolewa katika ripoti. Alisema kwa masikitiko, na nilimwona akipitisha kidole juu ya namba moja moja, labda akijaribu kuona ipi ilikuwa ya mtu aliyekuwa pale.

Kesho yake nilisimama mbele ya wenzangu nikawaambia kwa nini sina la kuonyesha. Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Msichana mmoja alinikumbatia machozi yakimtoka, akasema mimi ni jasiri. Nami kwa ujinga wangu nikakubali. Siku ile nililala fofofo, jua likiwaka, nikidhani deni la roho limekwisha.

Nilirudi nyumbani nikapokewa kama mtu aliyetoka mwezini. Mwalimu alinisimamisha gwarideni nikaeleza habari za dubu. Aliponiuliza kama wale watu walizipenda namba zetu, nilimjibu kwamba walizisoma kwa makini sana. Rafiki yangu alikuwa mstari wa mbele akitabasamu. Nilikwenda kwao mara ya kwanza nikazungumzia barafu. Mara ya pili nikazungumzia chakula cha meli. Mara ya tatu nilifika mpaka uani, nikasikia anasoma kwa sauti, nikageuka. Kisha mtihani wa kidato cha nne ukatuingilia, nami nikaushukuru.

Desemba ndipo nilipokwenda. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akiambua mbaazi mbichi, nami kwa mara moja maishani nikakaa chini bila kutapatapa. Nilimweleza kama nilivyomweleza yule mwanasayansi, kwa mpangilio ule ule. Mikono yake iliendelea kuambua.

"Aiya," akasema nilipomaliza. "Na zangu pia zikatupwa?"

"Zote."

"Ulimwambia huyo mzungu lini?"

"Agosti. Kwa meli."

"Agosti." Aliweka sinia chini. "Unajua mimi nilikuwa naandika kwanza kwa daftari langu la hesabu? Huko nyuma ya maabara. Sikutaka kulowesha la mwalimu. Nikiingia class ndio nahamisha. Zote nilikuwa nazo. Kila siku ya shule, na saa yake."

Niliinuka pale pale. "Liko wapi?"

"Tulipomaliza mtihani mama aliuza madaftari yote kwa mwenye njugu pale Katangi. Kilo kadhaa." Alinitazama, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Si ungekuja tu hiyo September. Ungeniambia mimi kwanza, mambo ya mzungu baadaye."

Nilitoka nikaenda Katangi kwa miguu, mbio mbio, jua la mchana utosini. Mwenye njugu alikuwa na karai lake mbele ya duka, vifuko vimepangwa, vyote vya karatasi za madaftari. Nikamwuliza kama amebaki na karatasi zisizokunjwa. Akasema zimekwisha, zilizopo ni hizo alizofungia. Nilinunua kila kifuko alichokuwa nacho. Akacheka, akauliza kwetu kuna harusi gani.

Nilichuchumaa kando ya duka nikavikunjua kimoja kimoja, njugu zikimwagika kwenye vumbi, kuku wakikusanyika. Nilipata jometri ya mtu, nikapata insha kuhusu faida za ng'ombe, nikapata majina ya mifupa ya mkono. Nilipata hata hesabu zenye alama nyekundu za mwalimu wetu wa hesabu. Mwandiko ule uliosimama wima nilioutafuta sikuuona. Sikupata hata siku yake moja.