Kuku wa Wifi

Vifaranga tulinunua pamoja, mimi na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Walikuwa kumi na wawili, machotara, kutoka kwa mama mmoja anayeuza njia ya kwenda Msamvu. Yule mama alitwambia wazi kwamba hajui yupi jike, yupi dume.

"Hao mchanganyiko. Mtakachopata ndiyo riziki yenu."

Tukakubaliana nitawalea mimi kwangu Kihonda, kwa sababu banda la wifi kule Mafiga lilikuwa halijaezekwa. Wakifika miezi miwili na nusu, tugawane sawa kwa sawa.

Wifi amekulia milimani, upande wa Matombo, kuku wakimpita miguuni tangu anatambaa. Mimi nilizoea kuwaona kuku kwenye sahani. Ndiyo maana kila Jumamosi alipokuja, akawa anawakamata mmoja mmoja, anafunua manyoya ya mgongoni karibu na mkia, kisha anawaachia kimya, roho yangu ilikuwa haitulii. Siku moja nikamwuliza.

"Wifi, unaangalia nini huko?"

"Utitiri," akajibu.

Utitiri gani, na banda nilikuwa nimepulizia dawa juzi yake! Nikajua ananificha elimu. Anataka siku ya kugawana ajizolee mitetea, mimi niachiwe majogoo ya kula mahindi tu.

Nikaanza kujifunza mwenyewe. Jirani mmoja akaniambia nitazame kilemba: kikiwahi kuwa chekundu, huyo dume. Mwingine akasema miguu minene. Nilikuwa nakaa kwenye ndoo bandani nikiwakazia macho mpaka uji unaungua jikoni. Shida ya machotara ni kwamba hawafanani. Huyu ana miguu ya baba, yule kichwa cha mama. Ila wawili sikuwa na mashaka nao. Mmoja mwekundu, kilemba kimemsimama, kifua mbele kama mjumbe wa nyumba kumi: dume. Mwingine wa madoadoa, mpole, kilemba kama punje ya mchele: jike.

Siku ya kugawana nilimwambia wifi achague kwanza, kwa kuwa ni mkubwa. Nilitegemea atamkimbilia wa madoadoa. Akanyoosha mkono, akamchukua yule mwekundu. Akamfunga kitambaa cha kijani mguuni, ndiyo alama ya kuku wake, akasema, "Wa kwanza huyu."

Mtu anayejua kuku kama yeye hawezi kuanza na jogoo. Kumbe basi huyu ni jike, nikajiambia, na mimi ndiye niliyedanganywa na kilemba. Wa madoadoa nikamchukua mimi, bila raha.

Kuku wake aliwaacha kwangu siku tatu, amalizie banda. Siku ya pili mume wangu alipotoka kwenda kazini, niliingia bandani, nikamvua yule mwekundu kitambaa, nikamfunga wa madoadoa. Nikajipa moyo kwamba simwibii mtu, narekebisha hila yake.

Wifi alipokuja kuwachukua, alisimama akamtazama wa madoadoa kwa muda, akakitazama kile kitambaa. Kisha akanitazama mimi.

"Wote wapo?"

"Wote, wifi."

Akawatia kwenye tenga, akaondoka.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunaongea kwenye simu, habari za kawaida tu, watoto na mvua. Nyuma yangu, juu ya ukuta wa banda, yule mwekundu akanyoosha shingo akawika. Kuwika kwenyewe kwa kukwaruza, kwa mwanagenzi, lakini hakukuwa na namna ya kusema ni mlango.

Wifi akauliza, "Huyo anayewika ni yupi?"

Nikamwambia kweli, yote, mpaka kitambaa. Nikamaliza kwa kumwuliza kilichokuwa kinanisumbua: "Lakini wifi, kwa nini ulianza na jogoo?"

"Si nilikuwa namtaka jogoo! Jogoo wa mama kachukuliwa na kicheche. Nilimwahidi nitampelekea huyo, ana kifua kizuri. Kila Jumamosi nilikuwa natafuta dume la uhakika, manyoya ya mgongoni ndiyo husema."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe hukuniuliza wazi. Uliniuliza naangalia nini, nikaona sauti yako ina jambo, nikakujibu utitiri."

Kwa hiyo jogoo niliyemnyang'anya alikuwa wa mama mkwe wangu. Kesho yake nilimpeleka Mafiga ndani ya kikapu. Nilimkuta wifi anachambua mchicha uani.

"Shikamoo, wifi. Nimekosa."

"Marahaba. Mweke hapo kivulini asife joto." Wa madoadoa alikuwa anapekua takataka karibu na miguu yake. Nilitegemea ataniambia nimchukue, hakusema, na mimi sikuthubutu kumwomba.

Jumapili ile jogoo alipanda mlimani. Baadaye mama mkwe alinipigia kunishukuru kwa zawadi. Wifi alikuwa amemwambia kwamba tumemlea wote wawili. Lakini tangu hapo, tukigawana kitu na wifi, hata mafungu ya nyanya, huniambia, "Anza wewe," kisha hutazama mkono wangu unakwenda wapi.