Sababu Tamu, Mahindi Mabichi

Kuna siku moja haijanitoka akilini, mwanangu, ingawa nilikuwa msichana mdogo hapa Saboti. Nilimwambia kukhu, mama yake baba, kwamba mahindi yamekauka, tuyatie guniani. Jua limewaka wiki nzima, nikasema. Kukhu akanyoosha mkono. "Sababu umenipa. Sasa nipe punje." Akaing'ata. Haikulia kati ya meno, ikabonyea tu. Lo, nilivyogombezwa!

Mwaka jana kijana wangu Wekesa alikuja kutoka Kitale na simu yenye programu ya mavuno. Ukiiuliza inakujibu, halafu inakueleza kwa nini. Ikasema mahindi yetu yako tayari.

"Mama, si unaona imepeana mpaka sababu? Ati jua ni kali, mvua haijanyesha, siku za kuanika zimetosha."

Mvua haijanyesha! Na juzi yake tu ilitushukia kutoka mlimani, tukakimbizana na maturubai. Wekesa hakuwepo. Mimi nilikuwepo, nikalowa. Labda huko Kitale kulikuwa kukavu. Kosa lilikuwa limesemwa waziwazi ndani ya hiyo sababu, na bado nikaitikia, "Sawa baba, tieni." Kama simu ingesema "yamekauka" na kunyamaza, ningeibishia, kweli tena. Lakini ilijieleza vizuri, na mtu aliyechoka akielezwa vizuri huona ameshafikiri.

Tulipofungua magunia, kuvu tupu. Chakula cha mwaka, cha nyumba yangu na cha dada yangu mjane kule Bumula, tukakifukia shimoni. Hata kuku hatukuwapa, maana ile ni sumu. Dada alipopiga simu kuuliza mahindi yanakuja lini, nilimwambia tumeyafukia. Iliniuma sana.

Sasa nisikilize, maana nimechoka kurudia. Sisemi utupe simu. Wahenga walisema akili za kuambiwa, changanya na zako. Mashine ikikueleza sababu, shukuru, kisha uishike hiyo sababu uiulize: hii ni kweli hapa kwetu? Sababu inaletwa ili ikaguliwe, haikuletwa ikubembeleze ulale.

Mimi meno yameisha, ndiyo maana siku ile nilitazama simu nikaacha punje. Wewe unayo. Mungu akubariki, mwanangu, akutunzie hayo meno, na kila utakapopewa sababu, akukumbushe kuomba punje.