Tangi Tupu Mlangoni kwa Baba Mdogo

Baba mdogo hajawahi kunitukana. Angenitukana ningemsamehe, maana tusi lina mwisho. Yeye alinigeuza kuwa hadithi ya kuchekesha watu.

Nilikuwa nimemaliza chuo pale Nchiru nikarudi nyumbani Kiirua na shahada ya kemia, na pia tangi la vioo nililoachiwa na jirani yangu wa hosteli aliyekuwa akihama. Nililiweka sebuleni, nikalijaza maji, nikawasha filta, nikatupia punje chache za chakula cha samaki ili zioze humo. Samaki sikuweka. Kila jioni nilichota maji kidogo kwenye kichupa, nikadondoshea dawa ya kupimia, nikaangalia rangi. Yakibaki njano, ni salama; yakigeuka kijani, bado yana amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula. Bakteria wanaoila huja wenyewe na kujenga makao kwenye sponji ya filta, lakini huja polepole, na kwa baridi ya Kiirua polepole zaidi. Ni kazi ya majuma. Wasipokuwapo, samaki huogelea ndani ya uchafu wake mwenyewe mpaka umuue.

Kungoja huko kulinifaa. Nilikuwa nimeomba kazi ya kupima maziwa katika kiwanda kidogo karibu na Meru mjini, na simu ilikuwa haijalia. Usiku nilikuwa nikirudia kichwani barua yangu ya maombi, nikitafuta neno lililowaudhi. Tangi lilinipa kitu kingine cha kuwazia.

Jumapili moja maombi ya kikundi cha kanisa yalifanyiwa kwetu. Baba mdogo, ambaye ni mfanyabiashara na hupenda kuingia watu wote wakishaketi, alikuja ameinua mfuko wa nailoni uliojaa maji na samaki wa rangi ya machungwa aliowanunua Nairobi.

"Wewe Digrii! Nasikia unafuga maji," alisema kabla hajasalimia mtu. "Inataga?"

Watu wakacheka, wengine mpaka wakashika mbavu.

"Asante sana, anko. Lakini hawawezi kuingia leo. Maji hayajawa tayari."

"Haijaiva? Basi ongeza kuni."

Mzee mmoja wa kanisa akatikisa kichwa. "Sisi watu wa huku hata kula samaki tulijulia ukubwani. Sasa tunailea ndani ya nyumba?"

Nikajaribu kueleza. Neno bakteria lilipotoka, mama alinikazia macho. Kwetu zawadi ya mgeni hupokelewa kwa mikono miwili, na mgeni akaiona ikitumika kabla hajaondoka. Kuiweka kando ni kumwambia angebaki kwake.

"Pokea, mwanangu," mama alisema. "Baba yako mdogo ametoka nayo mbali."

Sikupata hata nafasi ya kupokea. Baba mdogo alifungua mfuko akaumwaga tangini mwenyewe, samaki na maji yao, na mama mmoja akaombwa awaombee wakue.

Walianza kupanda juu wakihema, midomo wazi. Nilitoa maji kwa ndoo nikaweka mengine, asubuhi na jioni, lakini sumu ilinishinda mbio. Jumapili iliyofuata sikuwa na samaki hata mmoja.

Hapo ndipo hadithi ilipozaliwa. Baba mdogo aliisimulia harusini, sokoni na kwenye kamati ya kanisa: msichana aliyesomea sayansi miaka yote ile, akaletewa samaki wazima, akawaua wote. Ya nani aliyewamwaga hakuyasimulia. Kiwanda kiliponiita hatimaye, mwenye kiwanda hakufungua hata vyeti vyangu.

"Kumbe ni wewe yule wa samaki?" alisema, akacheka kwa wema kabisa. "Hapa tuna maziwa ya wakulima wengi. Usituulie."

Kazi alipewa mtu mwingine.

Sikulitupa tangi. Niliendelea kungoja, na rangi zilipokubali nikaweka samaki wawili wadogo. Waliishi, wakanenepa. Hakuna aliyesimulia hilo.

Kisha baba mdogo akajenga hoteli pale Makutano. Alikuwa ameona tangi la samaki kwenye hoteli moja ya Embu, akaapa kwamba lake litakuwa kubwa kuliko lile. Aliliweka mlangoni kabisa, na taa za buluu na kasri la plastiki ndani, ndipo akanipigia simu. Siku ya ufunguzi ilikuwa inakaribia. Alitaka samaki.

Niliwaza mambo yote. Ningeweza kusema "ndiyo, anko" na kuwatia, wakafa mbele ya wageni wake. Lakini samaki hawakuwa wamenikosea, na kosa lingekuwa langu tena. Kulikuwa na njia nyingine: kukata nusu ya sponji ya filta yangu, iliyojaa bakteria waliokomaa, na kuitia kwenye filta yake. Kwa sponji hiyo, tangi lingepokea samaki wachache bila shida siku ile ya sherehe.

Sponji niliiacha Kiirua, nikaenda Makutano mikono mitupu.

"Ukitaka tuwatie, tutawatia," nilimwambia kwa adabu zote. "Ila watakufa mbele ya pasta. Unakumbuka wale wa kwetu."

Alilitazama tangi. Kisha akasema tungoje.

Siku ya ufunguzi tangi liliwaka buluu, likatoa mapovu, likawa tupu. Pasta ndiye aliyeuliza kwanza samaki wako wapi. Baba mdogo alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Hii maji bado inatayarishwa, pasta," alisema. "Kuna bakteria tunakuza kwanza."

Mama mmoja alisimamisha kijiko hewani. "Bakteria? Hapa tunapokula?"

"Si wale wabaya, mama."

"Kwani kuna wazuri?"

"Labda samaki wameenda kula kwa jirani," mtu akasema kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukalipuka.

Mwenye kiwanda cha maziwa, aliyekuwa amekaa karibu nasi, akamgeukia baba mdogo. "Si ungewatia tu? Samaki ni wa kuwekewa kadi ya mwaliko?"

"Wakitiwa mapema wanakufa."

"Nani amekwambia?"

"Nimeona."

"Umeona wapi?"

Baba mdogo alijipangusa shingo kwa leso. "Kwa kakangu. Ni mimi niliwamwaga. Huyu msichana alinikataza."

Mwenye kiwanda alinitazama, akaguna, akarudi kwenye nyama yake. Ni hilo tu. Nilikuwa nimelingoja neno lile muda mrefu mno, na lilipotoka lilitoka kwa sauti ya chini, likasikiwa na meza moja. Hadithi ya kwanza ilikuwa imefika Meru nzima. Nilipiga hesabu hiyo njia yote ya kurudi nyumbani, na kila nilipoipiga bado nilikuwa namdai heshima yangu.

Niliendelea kwenda kupima maji yake kila juma. Wateja waliendelea kuuliza, naye akaendelea kujibu. Siku moja amonia ilitoka njano safi, na kipimo cha pili, cha sumu ile inayoifuata amonia, kikawa buluu kama anga, yaani haimo tena. Tangi lilikuwa tayari.

"Imefika, mwanangu?" aliuliza, amesimama nyuma yangu na funguo za gari mkononi, tayari kwenda kununua samaki.

"Bado, anko."

"Mpaka lini?"

"Maji hayalazimishwi."

Alishusha pumzi. "Haya. Wewe ndiye unajua."

Mteja akaingia, akashangaa lile tangi, akauliza. Nilichukua muda kuosha vichupa vyangu ili nisikie. Baba mdogo alieleza amonia, akaeleza sponji, akaeleza baridi ya mlima, vizuri kabisa, kama mwalimu. Alipofika mahali pa kusema nani aliwahi kumwaga samaki kwenye maji mabichi, alisema, "kuna mtu fulani."

Nikafunga mkoba wangu. Juma lililofuata pia nilimwambia bado.